Kula Kwanza, Muziki Baadaye: Mwongozo Kamili wa Usiku Mmoja Mji Mkongwe

Nilisimama Forodhani, ile bustani ya ufukweni inayouza vyakula usiku, nasubiri pizza ya Zanzibar, tiketi imo mfukoni, na ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukuta wa Ngome Kongwe, fidla zikaanza. Mbele yangu walikuwepo watu saba. Mpishi ana tawa moja, lile kaango bapa, na kila mtu anaitaka yake kwa namna yake: huyu bila ya kitunguu, yule mayai mawili, mwengine ya ndizi na chokoleti. Nilipopata yangu nikala huku natembea, mafuta yakachuruzika mpaka kwenye mkono wa kanzu, nikaingia ndani wimbo wa tatu unamalizikia. Kiti nilichokitaka kishakaliwa na bibi mmoja wa heshima zake, mtu ambaye humwambii anyanyuke.

Tangu hapo nafuata utaratibu mmoja, na ndio ninaotaka kukupa hapa: kula mara mbili. Chakula cha kushiba ukile mapema, ndani ya mji, upande wa Mkunazini na Darajani. Forodhani iache kwa ajili ya baadaye, muziki ukishakwisha au bendi moja ikishuka kupisha nyengine. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanakwenda Forodhani jua linapozama, saa ambayo mji mzima upo pale, halafu wanaingia kwenye muziki matumbo yamejaa, jasho linawatoka na roho zinawauma kwa bei walizolipa.

Hatua ya kwanza: jua muziki utaanza saa ngapi kweli

Usiisome saa ya kwenye bango kama unavyosoma ratiba ya boti. Kwanza uliza ni muziki wa aina gani.

Ikiwa ni onyesho la taarab asilia, hesabu yako ianzie kwenye sala. Jua hapa huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, na Isha huja zaidi ya saa moja baada ya Magharibi. Hakuna kikundi chenye adabu kitakachoanza kabla watu hawajatoka msikitini. Halafu kuna kanuni, ile ala ya muziki ya nyuzi. Chombo hiki kina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na hewa ya bahari yenye unyevu haizipendi. Mpigaji atakaa pale na ufunguo wake mdogo, anakaza huku, analegeza kule, na wenzake wa udi na fidla wanamsikiliza yeye. Usimlaumu. Bango likisema saa 2 usiku, wewe uwe umekaa saa 2 kasorobo, na wimbo wa kwanza utausikia saa 2 na nusu.

Ikiwa ni tamasha, mambo hugeuka. Sauti za Busara, ambalo limekuwa likifanyika kila Februari tangu 2004, ukiacha 2016 lilipokosa fedha, na jukwaa lake kubwa limezoeleka kuwa Ngome Kongwe, hupanga bendi nyingi kwa usiku mmoja. Kila anayepanda lazima apige muziki mubashara, hakuna kuimba juu ya kanda. Bendi zimepangwa foleni, kwa hiyo kuchelewa kwa mmoja kunawala wote, na waandaaji hujitahidi kwenda na saa. Muziki huanza jioni jua bado lipo na kuendelea mpaka usiku mkubwa. Hapo swali la muhimu kuliko yote utaliuliza mlangoni, kabla tiketi yako haijakaguliwa: nikitoka kwenda kula, nitarudi? Utaratibu hubadilika, kwa hiyo uliza kila siku, hata kama jana uliambiwa ndiyo.

Na ikiwa ni muziki mdogo wa ukumbini, watu watano na udi mmoja, uliza viti. Hivi hujaa haraka na hakuna pa kusimama. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimelea wapigaji wengi wa vijana unaowaona usiku huu hotelini na kesho jukwaani. Wao wenyewe watakwambia wiki hii wanapiga wapi, na wanavyokwambia ni sahihi kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani mwezi uliopita.

Hatua ya pili: rudi nyuma kwa hesabu

Chukua saa ya wimbo wa kwanza, toa saa mbili na nusu. Hapo ndipo unapokaa mezani. Kwa taarab ya saa 2 na nusu, unakula saa 12, jua linashuka. Najua ni mapema. Ndiyo maana mchana ule kidogo: andazi na maharage ya nazi, au ndizi, basi.

Ukija na boti ya alasiri kutoka Dar es Salaam, safari ni kama saa mbili na unateremka Malindi. Kutoka bandarini mpaka Forodhani ni mwendo mfupi wa miguu ukifuata bahari. Usikubali kuvutwa. Pale nje utakutana na papasi, vijana wa kuongoza wageni, na jina lao limetokana na yule mdudu anayeng'ang'ania mwilini. Wapo wema, ila mkahawa watakaokupeleka ni ule unaowalipa wao. Jibu ni salamu kamili na hatua ndefu: "Salama kaka, tushafika, ahsante."

Hatua ya tatu: chagua hoteli ya chakula

Hapa "hoteli" si pa kulala. Ni duka la chakula lenye meza za plastiki, sinki la kunawia mkono pembeni, na kabati la kioo lenye masufuria. Mashuhuri kuliko zote kwa wageni na wenyeji ni Lukmaan, Mkunazini, karibu na Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Unasimama mbele ya vyakula, unaonyesha kwa kidole, wanakupakulia. Lakini zipo nyengine nyingi zisizo na jina ukutani, na hizi utazipima hivi.

Tazama wali kwanza, kabla ya nyama. Wali wa nazi uliopikwa leo hung'ara na punje zake zimeachana. Ukiona umefanya gamba juu, ni wa mchana. Kisha tazama nani anakula. Wakiwepo wachukuzi wa Darajani na wauza duka waliokwisha kufunga, kaa. Ikiwa imejaa watu wenye kamera tu, chakula kinaweza kuwa kizuri, ila bei imeshajifunza Kizungu.

Tatu, salimia kabla ya kuuliza. Mtu mzima mpe shikamoo yake, mwenzako mpe habari za jioni. Mwenye duka akishakujibu ndipo useme: "Leo nini kitamu, ami?" Swali hili halijawahi kunidanganya. Anajua sufuria gani imetoka motoni sasa hivi, na mbele ya wateja wengine haoni haya kukwambia, "Pilau imekwisha nzuri yake, chukua samaki."

Sasa, uchukue nini? Hapa ndipo watu wanapojiharibia usiku wao. Unakwenda kukaa saa mbili au tatu, pengine kucheza, katikati ya watu, kwenye joto. Chakula chako kiwe cha kukubeba, kisiwe wewe ndiye unayekibeba.

Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni salama yangu ya kila siku. Samaki amechomwa kwanza kwenye makaa, halafu akapakwa nazi iliyotiwa ndimu, tangawizi na pilipili, akarudishwa motoni. Hana mafuta mengi, na ndimu yake inafungua tumbo. Mchuzi wa pweza wa nazi nao mzuri, ila umwangalie: kipande kikikatika kwa jino la kwanza, kula. Ukitafuna mpaka taya zikachoka, kiache, maana kitakusumbua mpaka usingizini. Kwa asiyekula nyama wala samaki, maharage ya nazi, mchicha, na kisamvu vinatosha kabisa, na mara nyingi ndivyo vyakula vilivyopikwa kwa uangalifu zaidi jikoni pale kwa sababu wafanyakazi wenyewe ndivyo wanavyokula.

Biriani niachie. Nakwambia hivi nikiwa mpenzi wake. Biriani ni chakula cha Ijumaa mchana, ule halafu ulale. Rojo lake lina samli, vitunguu vya kukaanga na nyama iliyolala kwenye mtindi, na kitu hicho kikishuka tumboni saa 1 usiku, saa 3 unasinzia mbele ya watu huku mwimbaji anakutazama. Pilau ina unafuu kidogo, ikiwa sahani ni ndogo na kachumbari ni nyingi.

Chukua mkate pembeni ukiuona. Mkate wa ajemi wa moto unafuta mchuzi kuliko kijiko. Mkate wa kumimina, ule wa unga wa mchele na hiliki, ubebe kwenye karatasi. Utanishukuru wakati wa mapumziko.

Kinywaji: juisi ya ukwaju au ya bungo, au maji ya chupa. Mwenye tumbo jepesi aseme mapema, "bila ya barafu." Pombe usiiulize. Hoteli hizi haziuzi, na swali lenyewe linamtia mwenzako aibu.

Hatua ya nne: mikono na nguo

Wengi wa wenyeji watakula kwa mkono, nawe ukitaka vijiko vipo. Ukila kwa mkono ni wa kulia, na baada ya kula omba kipande cha ndimu. Sugua vidole, halafu nawa kwa sabuni. Harufu ya samaki haitoki kwa sabuni peke yake, na usiku huu utapeana mikono na watu wengi.

Nguo zibadilishe baada ya kula. Onyesho la taarab ni mahali pa kujitazama. Kina mama huja na madira na mitandio ya kumetameta, wamejifukiza udi, wamechomeka kikuba cha asumini na mrehani. Ukikaa katikati yao unanuka mchuzi wa papa, hata kama hawatasema, watasogeza kiti. Wanaume kanzu au shati safi la mikono. Kwa tamasha la Ngome Kongwe vaa unavyotaka kucheza, ila huku njiani ukipita mitaani mabega na magoti yafunikwe. Watu wanaishi humu.

Kama huna pa kurudi kubadilisha, basi kaa mbali na seredani. Tazama moshi wa mishkaki unaelekea wapi, ukae upande wa pili. Moshi wa mkaa ukishaingia kwenye hariri, umefika nayo mpaka kwenye sanduku.

Hatua ya tano: pesa ndogo

Chenji itafute mapema, kwenye hoteli ya chakula, kwa kuwa huko wanazo. Unahitaji noti ndogo kwa mambo mawili. La kwanza ni Forodhani baadaye, ambako noti ya elfu kumi hugeuka kuwa mjadala. La pili ni kutunza.

Kwenye taarab msikilizaji halipi mlangoni tu. Wimbo ukimgusa, hunyanyuka, hutembea taratibu kwa kucheza mpaka mbele, humpa mwimbaji noti mkononi, hurudi. Kila hatua yake inasomwa: amenyanyuka kwenye ubeti gani, alimtazama nani alipopita. Maneno ya nyimbo hizi ni mafumbo, na anayetunza kwenye ubeti wa mke mwenza huenda ametuma salamu kwa mtu aliyekaa safu ya tatu. Kwa hiyo usikurupuke. Subiri wimbo unaoupenda kwa sauti yake, tazama wenzako wanavyofanya, ndipo uende. Noti ya elfu moja au mbili haina aibu. Ile ya mia tano ilianza kugeuzwa sarafu mwaka 2014, na sarafu haitunzwi.

Hatua ya sita: kutembea na kukaa

Kutoka Mkunazini mpaka Ngome Kongwe ni kama dakika kumi ukijua njia, na ishirini usipoijua. Ukipotea, uliza bahari iko wapi. Usiulize "Ngome", kila mtu atakuonyesha njia yake. Kutembea huku ndiko kunakoteremsha chakula, kwa hiyo usipande teksi hata ukiwa na pesa. Pitia Sokomuhogo, pale wageni wanapopaita Jaws Corner, ukae barazani unywe kahawa chungu kikombe kimoja na kipande cha kashata. Kimoja tu. Wazee wanabishana siasa na mpira, na ukiwasalimu vizuri watakwambia kama onyesho la leo lina maana au la. Hukumu yao ni kali, ila sijaona wakikosea sana.

Ngome yenyewe iliimarishwa na Waomani baada ya kuwang'oa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1690, na kuta zake nene zinarudisha sauti. Usikae ubavuni karibu na ukuta ikiwa unataka kusikia maneno. Kaa katikati, nyuma kidogo, mahali sauti za spika mbili zinapokutana. Vikundi viwili vya zamani, Nadi Ikhwani Safaa cha mwaka 1905 na Culture Musical Club cha 1958, vina watu wengi jukwaani, na ukikaa mbele kabisa utasikia fidla za upande wako tu.

Hatua ya saba: sasa nenda Forodhani

Muziki wa taarab ukimalizika unavuka barabara tu, umefika. Bustani hii ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, na tangu hapo majiko yana mpangilio wake. Watu wa saa ya jua kuzama wameshaondoka, foleni imekufa, upepo umepoa.

Kanuni ni moja: usiku huu kula kinachotengenezwa mbele ya macho yako. Zile meza zenye kamba, ngisi, pweza na kamba koche waliopangwa kama maua, zipite. Vitu vile vimechomwa nusu, vimekaa tangu jioni kwenye joto, vitarudishwa motoni ukishachagua, na vingine sitaki kufikiria vimeanza safari lini. Mara moja muuzaji mmoja mwenye kofia nyeupe na maneno matamu alinijazia sahani, "onja hiki, na hiki," mwisho akanitajia bei ya sherehe. Kosa lilikuwa langu. Sahani ikijaa kabla bei haijatajwa, ushanunua. Sasa nauliza kila kijiti bei yake kwa sauti, na naitaja tena mwenyewe kabla hakijaguswa.

Nenda kwenye urojo. Wageni huuita Zanzibar mix, sisi urojo. Msingi wake ni uji mzito wa njano: unga, manjano, embe mbichi, ndimu. Ndani yake vinatumbukizwa viazi vya kuchemsha, bhajia, kachori, vipande vya mshikaki, yai ukitaka. Juu chatini ya nazi na pilipili, na mwisho kabisa chipsi nyembamba za muhogo. Mpangilio huo una maana. Chipsi zikitiwa mapema zinalowa, na urojo bila kitu cha kuvunjika mdomoni ni supu ya mgonjwa. Sema hivi: "Dada, nitilie wa kawaida, pilipili kidogo, na muhogo unitilie mwisho." Akikupa, kula hapo hapo. Huu si wa kubeba.

Mishkaki ni sawa ikiwa nyama inatoka mbichi kwenye beseni ikaingia motoni unaiona. Pizza sasa unaweza kuiagiza kwa raha, maana hakuna mtu mbele yako. Chapati nyembamba inatandazwa, katikati nyama ya kusaga, kitunguu, yai, jibini, mayonezi, inakunjwa kama bahasha na kuwekwa kwenye tawa. Mwambie aiache ikauke. Kwa kawaida wana haraka na kati inabaki laini.

Malizia na juisi ya miwa, iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu ndani yake. Kwa tamasha, ambalo huisha usiku sana, usingoje mwisho. Majiko huzimwa moja moja kadiri usiku unavyokua. Toka bendi usiyoijua inapopanda, ikiwa mlangoni wamekuruhusu, na urudi na tumbo lililotulia.

Mambo ya kuangalia kabla hujapanga siku

Ramadhani hubadilisha kila kitu. Hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na miaka hii imekuwa ikiangukia Februari na Machi, karibu sana na msimu wa matamasha. Mwezi huo hakuna taarab, hoteli za chakula hufungwa mchana, na Forodhani huamka baada ya futari. Ila Idd ikifika, vikundi vikubwa hutoka, na hizo ndizo siku za kusikia taarab pamoja na wenyewe. Kwa Idd kula mapema zaidi, saa 11 jioni, kwa sababu mji mzima uko nje na watoto wenye nguo mpya wamejaa kila mahali.

Mvua za masika, Machi mwishoni mpaka Mei, huhamisha maonyesho ya uwanjani. Piga simu uulize kabla hujala, usije ukashiba kwa onyesho lililoahirishwa.

Ukilala nje ya mji, Bububu au Mbweni, daladala usiku hupungua sana. Kubaliana na dereva wa teksi tangu jioni, bei na saa, mpe namba yako, na mwambie akungoje upande wa Ngome, si upande wa bustani. Bustanini atakutana na jamaa zake, atakaa kunywa kahawa, na utamtafuta nusu saa.